Mpwa wangu kapelekwa Durban na baba yake, tuanzie wapi?

Mjomba wa Newala: Wakuu, naombeni ushauri. Mpwa wangu wa kike, miaka sita na nusu, alichukuliwa na baba yake kipindi cha mnada wa korosho, sisi wote tuko ghalani. Alimwambia dada anampeleka mtoto Masasi kumnunulia viatu. Siku nne kimya, kisha simu: wako Durban, walivukia Mtambaswala. Ndoa yao ni halali, hawajaachana. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama, kwa hiyo kila jioni wazee wananiuliza mimi. Nasikia kuna mkataba wa Hague wa kurudisha watoto. Unatusaidia?

Wakili Mikindani: Pole mkuu. Mkataba huo ni wa 1980, kwa watoto wasiofika miaka 16. Mtoto anarudishwa nchi alikokuwa akiishi, mahakama za huko ndizo ziamue akae na nani. Sasa, Afrika Kusini wamo, Tanzania hatumo. Daraja limejengwa ng'ambo moja tu ya Ruvuma. Hata hivyo Mahakama Kuu ya kule inaweza kumsikiliza mama bila mkataba, kwa kuangalia maslahi ya mtoto. Ila asiende mikono mitupu, apate kwanza amri ya malezi hapa. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 125, inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni heri akae na mama. Baba anaruhusiwa kulipinga hilo. Wenu ana sita na nusu, hesabu mwenyewe miezi iliyobaki.

Ndanda Moja: Baba kachukua mwanawe, wizi uko wapi? Kaeni kikao cha ukoo yaishe.

Mjomba wa Newala: Tumekaa mara mbili, kaka. Baba yake mkubwa anasema hana hata namba mpya. Angeaga Durban badala ya viatu, nisingeandika hapa.

Mama Kilambo: Mjomba, nendeni ustawi wa jamii wilayani. Bebeni cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, daftari za shule, chochote kinachoonyesha maisha yake yalikuwa Newala. Na dada asimtukane huyo bwana kwenye simu, hata akichokozwa. Laini ikikatika mtamtafutia wapi? Msikawie pia, mtoto akishazoea shule ya kule hata hakimu anasita kumng'oa.

Mjomba wa Newala: Asante dada. Cheti kipo. Kadi ya kliniki panya wamekula kona, namba inasomeka. Jumatatu asubuhi tuko ustawi.