Naomba ushauri: je, akili pekee yaweza kuwa msingi wa haki za watu wote?

Ndugu zangu, salaam. Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant alifundisha mwaka 1785 kwamba akili yenyewe hutupa sheria ya maadili: anayekopa huku akijua hatalipa anafuata kanuni ambayo hawezi kutaka iwe ya watu wote. Hapo naridhika. Ninapokwama ni kwa mtoto mchanga, anayekishika kidole changu kwa nguvu ilhali hawezi kupima kanuni yoyote. Haki yake inatoka wapi? Nimejaribu kujibu kwamba baadaye atakuwa na akili, ila jibu hilo linamwacha nje mzee aliyepotewa na fahamu zake, na huyo ndiye anayeniumiza zaidi. Je, akili ni chanzo cha haki, au ni chombo cha kuitambua tu? Ikiwa ni chombo, chanzo chenyewe ni nini?