Mjadala: Nani abebe gharama ya mlo wa mchana wa mfanyakazi wa katikati ya jiji?

Mtoa mada

Waungwana, naleta hoja ambayo wengi huiona kuwa ni ya mfuko wa mtu binafsi, ilhali mimi naiona kuwa ni ya mipango miji. Mfanyakazi mwenye mapumziko ya saa moja hutumia takriban dakika ishirini kula na, siku isiyo na bahati, nyingine ishirini kwenye foleni. Zinazobaki ni ishirini za kwenda na kurudi, zikiwemo zile anazosubiri lifti. Kwa mwendo wa kawaida wa mtu mzima, hizo hazimfikishi zaidi ya mita 800 kutoka mlangoni pa ofisi yake. Hata kama jiji lina migahawa elfu moja, soko lake yeye ni kiduara hicho tu, na kiduara hicho ndicho chenye ardhi ghali kuliko zote mjini.

Hapo ndipo bei ya sahani inapozaliwa. Mkahawa wa eneo la maofisi hulipa pango la siku 30, usiku na mchana, lakini wateja wake humiminika kwa saa mbili tu, siku tano kwa juma, kisha mtaa unabaki mtupu. Pango lote hilo halina budi kugawanywa kwenye sahani za saa hizo mbili. Mama lishe wa kona ya barabara huuza kwa nafuu si kwa sababu ana huruma kuliko wengine, bali kwa sababu halipi pango hilo. Na kwa kuwa halipi, hana haki ya kuwapo pale, na askari wa jiji humkumbusha hivyo mara kwa mara.

Msimamo wangu ni kwamba halmashauri ya jiji itenge sehemu za kudumu za kupikia na kuuzia chakula ndani ya eneo la maofisi, zenye maji ya bomba, mifereji ya maji taka na vyoo, na izipangishe kwa wapishi wadogo kwa pango la chini sana. Singapore ilifanya hivyo: iliwaandikisha wachuuzi wa chakula wa mitaani mwaka 1968 na 1969, kisha kati ya 1971 na 1986 ikawahamishia kwenye vituo vilivyojengwa kwa ajili yao, baadhi yake vikiwa katikati kabisa ya mtaa wa mabenki. Wenye mawazo tofauti karibuni, ila tusitoke nje ya mada.

Mwenye mkahawa

Ndugu mtoa mada, hesabu yako ya pango ni sahihi, na nakushukuru kwa kuiandika kwa sababu wateja wangu wengi hudhani kwamba ninawaibia. Kipimo tunachofundishana katika biashara hii ni kwamba chakula chenyewe kichukue takriban theluthi moja ya bei ya sahani na mishahara theluthi nyingine. Theluthi ya mwisho ndiyo yenye pango, umeme, gesi, maji, leseni, bima na vyombo vinavyovunjika, na faida hujitokeza mwishoni kabisa kama itajitokeza. Usisahau pia yule bwana anayeagiza sahani moja na kukalia kiti dakika hamsini, akizungumza kwa simu huku wengine wanne wakisubiri wamesimama.

Ninachopinga ni dawa unayoipendekeza. Ukichukua kodi ninayolipa mimi ukamjengea mshindani wangu jiko mita mia moja kutoka mlangoni pangu, kisha ukampangishia kwa bei ambayo mimi sijapata kuiota, hujapunguza gharama ya mlo, umenihamishia mimi. Zaidi ya hayo, chakula kinachobebwa na serikali hudumu kadiri dharura inavyodumu. Uingereza ilifungua migahawa ya umma wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ikafikia zaidi ya 2,000 mwaka 1943, lakini vita vilipokwisha mingi ilifungwa ndani ya miaka michache. Tatizo la mfanyakazi ni mshahara wake, na mwenye kuulipa ni mwajiri.

Mhasibu wa mishahara

Naungana na mwenye mkahawa kwamba tumtazame mwajiri, ila si kwa kuongeza mshahara peke yake, kwa maana nyongeza ya mshahara hukatwa kodi na humezwa na karo na nauli kabla haijafika mezani. Njia iliyo safi zaidi ni vocha ya chakula. Ufaransa inao mfumo huo kisheria tangu mwaka 1967: mwajiri hulipia kati ya asilimia 50 na 60 ya thamani ya vocha, mfanyakazi hulipia iliyobaki, na mchango wa mwajiri hausamehewi kodi bila kikomo bali hadi kiwango kinachowekwa na serikali. Mfanyakazi huchagua mwenyewe pa kula, mkahawa hupata mteja wa uhakika, na halmashauri haihitaji kujenga chochote. Kwa mtu wa vitabu vya hesabu kama mimi, mfumo ambao kila senti ina mahali pake una utamu wake.

Mtoa mada

Ndugu mhasibu, utamu huo una mwenye kuulamba kabla yetu. Vocha haitembei yenyewe. Kuna kampuni inayoitoa, na kampuni hiyo humkata mwenye mkahawa kamisheni kwa kila vocha anayoipokea. Mwezi Desemba 2019 mamlaka ya ushindani ya Ufaransa iliwatoza faini inayokaribia yuro milioni 415 watoaji wakuu wanne wa vocha hizo, kwa kupeana taarifa za siri za kibiashara na kuwazuia washindani wapya wasiingie sokoni. Mpishi mdogo asiye na mashine ya kupokea malipo wala uwezo wa kuvumilia kamisheni hubaki nje, na hivyo fedha iliyokusudiwa kumpatia mfanyakazi mlo wa bei nafuu humsukuma kwenye meza zile zile za bei kubwa.

Kuna na jambo la thamani kuliwa na wakati. Uingereza nayo ilisamehe kodi kwa vocha za mlo wa mchana, kwa kiwango cha peni 15 kwa siku. Kiwango hicho kiliachwa pale pale kwa miongo mingi huku bei zikipanda, hata msamaha huo ulipofutwa mwaka 2013 peni 15 hazikuwa zinanunua hata kikombe cha chai. Jiko lenye paa na bomba halipungui thamani kwa namna hiyo.

Mbeba hotpoti

Nimewasoma nyote, kaka zangu, nikashangaa kwamba hakuna aliyetaja chakula cha nyumbani. Labda ni kwa sababu anayekipika saa kumi na moja alfajiri hahesabiwi na mhasibu yeyote. Mimi nimebeba chakula kwenda kazini kwa miaka tisa. Ni kweli kwamba natumia fedha kidogo kuliko wenzangu na kwamba nashiba kwa kile ninachokijua, lakini msiniambie kwamba ni bure: ni nusu saa ya usingizi wangu kila siku, na katika nyumba nyingi usingizi unaotolewa ni wa mwanamke.

Halafu kuna usalama wenyewe. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe kwenye joto la kawaida la chumba kwa zaidi ya saa mbili, kwamba cha moto kikae kwenye nyuzi zaidi ya 60 za Selsiasi na cha baridi kikae chini ya nyuzi 5. Mimi nafunga hotpoti saa kumi na mbili asubuhi na kuifungua saa saba mchana. Hizo ni saa saba, na hotpoti yangu, pamoja na sifa zote zilizoandikwa kwenye boksi lake, hailindi joto hilo hadi mwisho. Anayebeba chakula anahitaji friji kazini na kifaa cha kupashia moto. Pale nilipokuwa zamani tulikuwa watu arobaini kwa mikrowevu moja. Kila mmoja akipasha kwa dakika tatu, wa mwisho anakula karibu saa mbili baada ya wa kwanza. Tukajifunza kula chakula baridi.

Kwa hiyo ombi langu kwa mwajiri ni dogo kuliko vocha: chumba, friji, mikrowevu za kutosha na sinki. Pendekezo namba 102 la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1956 linahimiza sehemu za wafanyakazi kulia na kupashia chakula pale ambapo kantini haiwezekani, na linasema pia kwamba mfanyakazi asilazimishwe kula kwenye kantini ya mwajiri. Huko Mumbai, kwa upande mwingine, wapo wanaume wanaobeba chakula cha nyumbani hadi maofisini kwa baiskeli na treni tangu mwaka 1890, ili kiondoke jikoni asubuhi imeshakomaa badala ya alfajiri. Ni ustadi wa kustaajabisha, lakini hata huko, lazima nyumbani abaki mtu wa kupika.

Kijana wa ghorofa ya chini

Mimi hoja yangu ni fupi. Tupeni fedha taslimu, tutajua wenyewe. Vocha, kantini na friji ni namna ya kumwambia mtu mzima kwamba hajui kula.

Mama lishe mstaafu

Mwanangu, ukipewa fedha taslimu bado utakuja kwangu, na mimi bado nitakuwa nimefukuzwa. Nilipika kando ya barabara kwa miaka mingi, na naomba niseme yale ambayo mwenye mkahawa hawezi kuyaona kutoka ndani.

Watu husema kwamba sisi ni wachafu. Hakuna mtu anayenunua tangi la maji, meza ya bati na kabati la vioo ikiwa anajua kwamba vyote vinaweza kupakiwa kwenye gari la jiji kabla ya jioni; hununua ndoo mbili, kwa kuwa ndoo mbili unaweza kukimbia nazo. Uchafu mnaoulaumu umetengenezwa na huko kufukuzana. India iliutambua ukweli huu katika sheria yake ya wachuuzi wa mitaani ya mwaka 2014, inayotaka kila mji uwe na kamati ya uchuuzi ambayo angalau asilimia 40 ya wajumbe wake ni wachuuzi wenyewe, na inayokataza kuwaondoa kabla hawajahesabiwa na kupewa vyeti. Utekelezaji wake umesuasua katika miji mingi, lakini angalau mchuuzi ana karatasi ya kumwonyesha hakimu.

La pili ni shibe, ambayo mmeitaja kwa jina tu. Sahani ya bei ndogo hujazwa wanga, kwa sababu wanga ndio unaopandisha mlima kwenye sahani kwa fedha kidogo. Mteja huondoka amevimba tumbo, na ifikapo saa kumi jioni ana njaa tena na usingizi juu yake. Kinachomweka mtu hadi jioni ni protini na mboga, na protini ya bei nafuu kuliko zote ni jamii ya kunde. Lakini kunde kavu huhitaji kulowekwa usiku kucha na kuchemshwa kwa muda mrefu. Nitaziloweka wapi, ikiwa usiku sina hata mahali pa kuacha sufuria? Mnanidai chakula chenye shibe mkiwa mmeninyima mlango wa kufunga. Kwa hiyo namuunga mkono mtoa mada, lakini kwa sharti moja: asiyepika asipewe sehemu. La sivyo, sehemu hizo zitachukuliwa na wenye kujuana na wakubwa, kisha watatupangishia sisi kwa bei mara tatu, na sahani itarudi kuwa ghali kama ya huyu kaka mwenye mkahawa.

Mtoa mada

Shikamoo mama. Hoja ya kunde sikuwa nimeifikiria hata kidogo, na ndiyo iliyonigusa kuliko zote, kwa sababu inaonyesha kwamba bei na shibe zote mbili zinaning'inia kwenye jambo moja, nalo ni uhakika wa mahali.

Naomba nirekebishe niliyosema mwanzoni. Nilipendekeza pango la chini sana, na mwenye mkahawa akalalamika kwamba nampendelea mshindani wake. Singapore ilikabiliana na hilo mwaka 2012 kwa kufuta kima cha chini cha pango ambacho mwombaji alilazimika kukifikia katika zabuni, ili pango la sehemu mpya liamuliwe na wapishi wenyewe wanaoshindania, na ikaweka makatazo dhidi ya kumpangishia mwingine. Naukubali utaratibu huo, pamoja na ada ya kufanyia usafi ambayo kila mpishi ailipe kwa ukamilifu wake. Lakini Singapore hiyo hiyo inanitia wasiwasi: wapishi wake wengi ni wazee, na vijana wachache wako tayari kuanza kazi alfajiri kwa faida inayobanwa na mazoea ya wateja ya kutaka bei isipande. Ikiwa sahani ni ya bei nafuu kwa sababu mpishi hajilipi, basi gharama tuliyoiondoa kwenye pango tumempakia yeye mgongoni. Hapa ndipo ninapomkubali mhasibu kwa kiasi: mwajiri achangie, lakini mchango wake upitie kwenye malipo yasiyo na kamisheni, yanayopokewa hata na mwenye sufuria moja.

Kwa dada mbeba hotpoti sina la kupinga. Friji na mikrowevu zisingoje matokeo ya mjadala huu.

Mwenye mkahawa

Kama zabuni ni ya wazi na ada ya usafi inalipwa na kila mtu, pingamizi langu la ushindani usio wa haki limepungua nusu yake. Nusu iliyobaki nitaimaliza kwa vitendo: sehemu hizo zikitangazwa, nami nitaomba mbili.

Mama lishe mstaafu

Moja, kaka. Na jikoni usimame wewe mwenyewe.