Naomba ushauri: maji ya mfereji hayafiki mwisho wa skimu, je, nichimbe kisima kirefu?

Mkulima wa Kahe:
Ndugu wanajamvi, salaam. Nalima ekari tatu katika tambarare ya Kahe, chini ya Moshi: mbili za mpunga na moja ninayopokezana vitunguu na maharage. Shamba langu liko mwishoni kabisa mwa mfereji, na ifikapo Septemba zamu yangu hubaki ya jina tu, kwa sababu maji yanayofunguliwa kwenye banio, yaani pale mfereji unapochota maji ya mto, hupita kwanza katika majaruba (vitalu vya mpunga) ya juu, ambayo yameongezeka kuliko yalivyopangwa. Fundi wa visima ananiambia nitapata lita 2 kwa sekunde, nizivute kwa pampu ya umeme wa jua. Je, zitatosha? Vibali vikoje? Na nikishapata kisima, kuna haja gani ya kuendelea kulipa ada ya jumuiya ya watumia maji?

Mhandisi Mstaafu:
Ndugu yangu, tuanze na hesabu, maana ndiyo inayorukwa kila mara. Lita 2 kwa sekunde zikivutwa kwa saa 10 ni lita 72,000. Ekari moja ikifunikwa kwa maji ya kina cha milimita moja tu humeza takriban lita 4,000. Siku ya jua kali, jaruba lenye udongo mzito hupoteza milimita 8 hadi 10, ukijumlisha yanayopaa na yanayozama ardhini, kwa hiyo ekari zako mbili za mpunga zitadai kati ya lita 64,000 na 80,000 kila siku. Kisima kimekwisha hapo, na vitunguu bado havijanywa. Isitoshe, pampu ya jua haitoi kiwango chake cha juu kutwa nzima. Muda wa saa tano au sita kwa siku ndiyo matarajio ya haki.

Ningekuwa wewe, kisima ningekifanya cha kuokolea mboga, na mpunga ningeuhamishia kwenye kilimo shadidi: miche michanga ya siku 8 hadi 12, mmoja kwa kila shimo, nafasi ya sentimita 25, na udongo unaachwa ukauke kidogo kabla ya kumwagiliwa tena badala ya kuzamishwa msimu mzima. Palizi itaongezeka, hilo sitakuficha.

Kuhusu vibali, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009 inakutaka upate kibali kwa matumizi ya umwagiliaji, hata kama kisima kiko ndani ya shamba lako. Nenda Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani kabla ya kumlipa fundi, na hakikisha fundi huyo ana leseni ya uchimbaji.

Mama Majaruba:
Kaka, ada usiache kulipa. Mradi wetu wa umwagiliaji wa Lower Moshi ulipokamilika mwaka 1987 kwa fedha za Japani ulipangiwa hekta 2,300, lakini wenzetu wa juu walipoona mpunga unalipa nao walichepusha maji ya mto, na sisi wa chini tukabaki kutazama mifereji ya zege ikiwa mikavu. Asiyelipa ada hana sauti kwenye mkutano wa kupanga zamu, na huko ndiko maji yanakogawiwa. Tena msidhani kisima ni maji mengine: chemchemi za huku na visima vyetu vyote vinalishwa na mvua inayonyesha kwenye msitu wa Kilimanjaro na kupenya katika miamba ya volkano. Tukichimba kila mtu lake karibu na chemchemi, tutaipunguza ileile inayojaza mfereji.

Udongo Kwanza:
Mbona hakuna aliyeuliza juu ya chumvi katika maji ya kisima? Sehemu za tambarare hiyo zina udongo wa magadi. Ushauri wa Mhandisi wa kupeleka maji ya kisima kwenye mboga unaweza kumgharimu, kwa kuwa mavuno ya mpunga huanza kushuka chumvi ya udongo inapozidi desisimensi 3 kwa mita (kipimo cha chumvi), ilhali vitunguu huanza kuumia kwenye 1.2 na maharage kwenye 1 tu.

Mkulima wa Kahe:
Nawashukuru. Jirani yangu mwenye kisima ana ukoko mweupe kwenye matuta yake, nami nilidhani ni mbolea. Je, nikiacha kuchimba, maji machache ya zamu ya usiku naweza kuyahifadhi?

Mhandisi Mstaafu:
Udongo Kwanza amesema kweli, nami narekebisha: usipande mboga kwa maji hayo kabla ya kuyapima maabara, chumvi pamoja na sodiamu. Kuhifadhi kunawezekana, Wapare wa Same wanafanya hivyo kwa ndiva zao, yaani mabwawa madogo ya asili yao, zinazojazwa usiku na kufunguliwa mchana. Ukipata lita 5 kwa sekunde kwa saa 12 za usiku, hizo ni mita za ujazo 216, na bwawa la mita 16 kwa 14 lenye kina cha mita 1.5 litazibeba hata kingo zikiwa za mteremko. Kwa ekari yako ya vitunguu, ni maji ya takriban wiki moja. Litandike nailoni nzito, maana yanayozama ardhini ni mengi kuliko yanayopaa, na lizungushie uzio kwa ajili ya watoto.

Mama Majaruba:
Na hiyo zamu ya usiku iombe kwa maandishi, iingizwe kwenye daftari la jumuiya. Ya mdomo huisha siku msambaza maji anapobadilishwa.