Melankolia: huzuni, sonona au nyongo?

mfasiri_mpya: Wakuu, kwenye maandiko ya kale melankolia mara ni ugonjwa, mara ni hulka, mara ni sifa ya wasanii. Nikiandika "huzuni" maana inapwaya. Nishike neno lipi?

tibakale: Anza na tarehe ya andiko. Asili yake ni Kigiriki: melaina ni nyeusi, chole ni nyongo. Matabibu wa mkondo wa Hippocrates, tabibu wa Ugiriki ya kale, walihesabu mwilini majimaji manne: damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Hii ya mwisho ilikuwa baridi na kavu, na makao yake bandama. Ikizidi, mtu hushikwa na hofu na simanzi zisizokwisha. Hiyo hofu wafasiri huiacha, na hapo ndipo tafsiri inapoharibika.

Kwa andiko la tiba la enzi hizo andika "maradhi ya nyongo nyeusi". Ukiweka "sonona", jina la leo la ugonjwa wa huzuni (depression), msomaji hataelewa kwa nini mgonjwa anapewa dawa ya kuharisha, wala kwa nini anaogeshwa maji ya vuguvugu: walikuwa wakitoa nyongo, na wakipambana na baridi na ukavu kwa joto na unyevu.

Tena usiruke Kairouan, mji wa Tunisia. Tabibu Ishaq ibn Imran aliandika huko kitabu kizima juu ya maradhi haya, na katika karne ya 11 mfasiri Constantine Mwafrika akakipeleka kwenye Kilatini.

zohali: Hulka ni habari nyingine. Andiko la mkondo wa Aristotle linauliza kwa nini waliotia fora katika falsafa, siasa na ushairi huonekana kuwa watu wa nyongo nyeusi. Mwaka 1489 mwanafalsafa wa Italia Marsilio Ficino akalifufua wazo hilo na kulifunga na sayari ya Zohali. Ndipo uielewe Melencolia I, picha ya msanii Mjerumani Dürer: mle kuna mraba wa namba 16, kila safu jumla yake 34, na katika safu ya chini 15 na 14 zimekaa pamoja, yaani 1514, mwaka wa picha. Wasomi wengi huuona kuwa hirizi ya sayari ya Mshtarii ya kupoza Zohali. Hapo mimi ningeandika "hulka ya simanzi".

mfasiri_mpya: Asanteni sana. Na maandiko ya leo?

tibakale: Kwa Freud, mwasisi wa uchambuzi-nafsi, andiko lake la 1917, liache "melankolia", maana analitenga na majonzi ya kufiwa: mwenye melankolia hujishusha thamani mwenyewe. Kwa tiba ya sasa andika "sonona yenye sifa za melankolia": hata jema likitokea halimchangamshi, huamka mapema kwa muda wa saa mbili au zaidi kabla ya wakati wake wa kawaida, na asubuhi ndiyo humwelemea zaidi.