Mashine ya gemu ya mtumba: iliyopakwa rangi upya au yenye vumbi lake?

Kijiti_Chekundu: Wakuu, nimepata mashine mbili za gemu za sarafu za kuchagua, nachukua moja. Ya kwanza imekarabatiwa: rangi mpya, vitufe vipya, skrini bapa, ndani bodi moja ya sakiti yenye gemu 60. Ya pili ni chafu, kabati limebanduka pembeni, skrini ya chogo, na muuzaji anaapa bodi ni orijino ya gemu ya zamani ya Ms. Pac-Man. Zote zinawaka. Uchakavu haunisumbui, ninachohofia ni mtu kuwa amechezea ndani. Ipi inakagulika vizuri?

FundiBodi: Ya pili, bila kusita. Vumbi ni shahidi. Mashine iliyotulia muda mrefu hulala vumbi sawasawa kwenye nyaya, skrubu na bodi. Ukiona skrubu moja inang'aa, au waya mmoja msafi katikati ya wenzake wachafu, hapo pamepita mkono wa mtu. Hiyo ya kwanza imefutwa ushahidi wote, hata kama kwa nia njema.

Tena Ms. Pac-Man ya 1982 ina alama yake. Ni bodi ya gemu iliyoitangulia, Pac-Man, iliyoongezewa bodi ndogo kwa waya bapa, uliochomekwa pale prosesa ilipokuwa inakaa. Ikicheza Ms. Pac-Man na bodi hiyo ndogo haipo, basi chipu zimebadilishwa au bodi nzima ni nakala.

Bi_Sarafu: Vumbi mnalisifia mno. Chini ya vumbi hilohilo kunaweza kuwa na fyuzi iliyoviringishwa foili. Mimi huanzia hapo. Mashine ikiwa imechomolewa, toa fyuzi moja moja, soma namba iliyochongwa kwenye kofia yake ya chuma, linganisha na iliyoandikwa kando ya kishikio. Palipoandikwa ampea 3 ukakuta 10, kuna hitilafu iliyokuwa inaikata kila mara, na mtu akachagua njia ya mkato. Halafu tazama plagi: pini ya ethi ipo au imekatwa? Swichi ya mlango imebanwa kwa utepe ili mashine iwake mlango ukiwa wazi? Na huko kwenye chogo usitie mkono kabisa, hata umeme ukiwa umezimwa. Bomba lile hubaki na chaji.

MsomaChipu: Macho hayatoshi kwa bodi. Mimi natumia kisoma chipu: nasoma kila EPROM, yaani chipu inayohifadhi programu ya gemu, kisha nalinganisha CRC yake, namba ya uhakiki inayokokotolewa kutoka kwenye data, na orodha ya MAME, programu ya kompyuta inayoiga mashine za zamani. Baiti moja ikibadilishwa, namba inakataa. Kasoro yake ni kwamba kuchomoa chipu kwenye soketi ya miaka 40 ni kamari, miguu hukatika, na wauzaji wengi hawaruhusu. Pia haikwambii lolote kuhusu nyaya. Usipoweza kusoma, angalau chungulia stika. Kidirisha cha EPROM kinatakiwa kiwe kimefunikwa, na stika mpya nyeupe kwenye chipu moja tu kati ya nyingi zilizogeuka njano inahitaji maelezo.

Kijiti_Chekundu: Na hii ya gemu 60, haina cha kukagua?

FundiBodi: Inacho, tena hila yake huioni kwa kutazama skrini. Bodi hizo hutumia kiunganishi cha pini 56 cha JAMMA, mpangilio wa pamoja wa nyaya za mashine za gemu, zinakula volti 5. Pima kwenye bodi yenyewe, usipime kwenye pawasaplai. Ukipata 5.0 au 5.1, sawa. Ukipata 5.4, kuna mtu amezungusha kile kirekebishi kidogo cha volti kwenye pawasaplai ili bodi dhaifu iamke mbele ya mteja. Iache iwake saa nzima huku ukicheza, maana bodi mbovu mara nyingi huwa na adabu dakika kumi za mwanzo.

Ms. Pac-Man ni ya kabla ya JAMMA. Yenyewe hupokea umeme wa transfoma na kujitengenezea volti 5. Ukikuta imefungwa pawasaplai ya kisasa, imeshafanyiwa ukarabati. Hiyo si dosari, lakini haiwezi tena kuuzwa kama haijaguswa.

Bi_Sarafu: Kwa ya gemu 60, la kujiuliza ni kabati lilizaliwa la gemu gani. Papasa paneli ya vitufe kwa chini: matundu ya zamani yaliyozibwa kwa puti utayasikia kwa kidole. Kibati cha namba ya kiwandani nyuma kikiwa hakipo, muuzaji asikuimbie neno orijino. Ila kama unataka kucheza tu na watoto, chukua hiyo, roho yako itatulia.

MsomaChipu: Hapo nakubaliana na Bi Sarafu. Orijino ni kwa anayekusanya.

Kijiti_Chekundu: Nakusanya, kwa hiyo ya pili. Tatizo, muuzaji anasema ufunguo wa mlango wa nyuma umepotea.

FundiBodi: Kufuli za makabati haya hutobolewa kwa drili na kubadilishwa, kazi ya dakika chache. Atoboe yeye, wewe ukiwepo, na gharama ya kufuli jipya ulipe wewe. Akikataa hata hapo, mwachie mashine yake.