Wazazi wa Mwanza wenye watoto wa sarakasi na jimnastiki, tupeane uzoefu: majeraha, makocha na mtoto kuchoka

Mama Nyegezi (mwenye mada)

Wazazi wenzangu, habari za jioni. Wenye watoto wa mpira wana pa kusemea mambo yao. Sisi wa sarakasi tunakutana kwenye foleni ya eksirei tu. Leo tuzungumze.

Binti yangu yuko darasa la sita. Alianza kuruka na wenzake kwenye mchanga wa ziwa, akachukuliwa na kikundi, na kipaji anacho. Mwaka huu kifundo cha mkono wa kulia kikaanza kumuuma, hakusema. Nilimwona anasonga ugali kwa mkono wa kushoto, sufuria kaizuia kwa kiwiko. Kumuuliza, akanijibu: "Mama, ukilalamika hupangwi kwenye onyesho."

Daktari alinieleza kwamba ncha za mifupa ya mtoto bado zina gegedu, yaani sehemu laini ambayo haijawa mfupa kamili, na hapo ndipo mfupa unaporefukia. Mtu mzima anateguka, mtoto anaweza kuumia kwenye hilo gegedu lenyewe. Sasa mtoto anayetembea kwa mikono na kujirusha kinyumenyume kila siku, uzito wote wa mwili unaishia kwenye vifundo viwili. Akaambiwa apumzike kabisa. Nilipompelekea kocha taarifa akasema namdekeza.

Msimamo wangu nausema wazi. Kocha anayemwadhibu mtoto kwa kusema anaumwa anamfundisha kuficha, na mtoto anayeficha maumivu si wa kurushwa hewani. Nyie wenzangu yamewakuta yapi?

Baba Mapacha, Igoma

Pole sana kwa kuuguza, mama. Kwangu ilikuwa mgongo. Kijana alikuwa hodari wa kupinda daraja, yaani anajikunja nyuma mpaka viganja vinagusa chini. Ikafika akikunjika mbele haoni shida, akikunjika nyuma tu anaumwa upande mmoja wa kiuno. Bibi yake akataka aitwe mkandaji. Nikamwambia mama, kwa heshima yako, hakandwi mtu hapa kabla ya picha. Picha ikaonyesha ufa kwenye pingili ya chini. Wale wanaokunja mgongo nyuma mara nyingi hupata hivyo, pingili inachoka taratibu mpaka inapasuka. Angekandwa pale sijui tungekuwa wapi.

Alikaa nje miezi. Kilichomuuma zaidi si mgongo, ni kwamba hakuna hata mtu mmoja wa kikundi aliyekuja kumjulia hali.

Kirumba Juu

Wa kwangu yuko salama mpaka leo, namshukuru Mungu. Kocha wake saa kumi na mbili jioni anafunga mazoezi, Jumapili hataki kumwona mtoto pale.

Binti wa Ukerewe

Mimi si mzazi, nilikuwa mtoto wa sarakasi mwenyewe, naomba niseme kwa niaba ya hao watoto wenu.

Mimi ndiye niliyekuwa wa juu kwenye piramidi. Wa juu lazima awe mwepesi, kwa hiyo tulipimwa uzito mbele ya wenzetu na aliyeongezeka alitajwa. Nikajifunza kula matonge mawili na kusema nimeshiba, hata siku ya sato. Wenzangu wote wakavunja ungo, mimi bado. Nyumbani walidhani nimechelewa tu. Mwili usiopata chakula cha kutosha kwa kazi unayofanya unasimamisha mambo mengine, mifupa nayo inadhoofika.

Halafu kuchoka. Kuchoka kwenyewe si kule kwa kulala ukaamka mzima. Siku za mazoezi tumbo liliniuma kweli, silisingizii, na ikitangazwa mvua nilifurahi kama sikukuu. Mzazi, mtoto aliyekuwa anakimbilia mazoezini akianza kuumwa tumbo siku hizo hizo tu, mkalishe chini, muulize, na usimuulize mbele ya kocha. Niliacha nikiwa kidato cha pili. Hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Mkolani One

Mnawalegeza watoto. Mchezo wowote una maumivu. Mnadhani wanaochukua medali za Olimpiki wanaogopa kuumia?

Mama Nyegezi

Kaka Mkolani, hao hao wa Olimpiki tuwaangalie. Kerri Strug, mwanajimnastiki wa Marekani, Atlanta 1996, aliruka akiwa ameumia kifundo cha mguu, dunia ikashangilia. Alikuwa na miaka 18. Hesabu zilipokamilika ikaonekana Marekani ingechukua dhahabu ya timu hata bila ule mruko, na yeye hakucheza tena Olimpiki. Simone Biles naye, Tokyo 2021, alijiondoa katikati ya mashindano kwa sababu akiwa hewani alikuwa hajui yuko upande gani. Akasemwa sana. Paris 2024 akarudi, akachukua dhahabu tatu na fedha moja. Na tangu 1997 msichana haruhusiwi mashindano ya kimataifa ya wakubwa ya jimnastiki kabla ya mwaka anaotimiza miaka 16. Wa kwangu ana 12. Haraka ya nini?

Kocha wa Mchangani

Nafundisha watoto, na nawasikia wote hapo juu. Vifaa hatuna, huo ni ukweli: tunachimbia tairi nusu liwe la kurukia, tunatua kwenye magodoro ya sponji yaliyokwisha kazi. Ndiyo maana miezi ya mwanzo kwangu ni kujifunza kuanguka na kutua tu, magoti yamelegea, na mchanga tunautifua kwanza, maana ukilowa ukashindiliwa unakuwa mgumu kama sakafu. Saa za mazoezi kwa wiki hazizidi umri wa mtoto. Wa miaka 10, saa 10 ndiyo mwisho wake, na siku mbili anakaa nyumbani.

Anayesema anaumwa anakaa pembeni, anawahesabia wenzake, na nafasi yake kwenye onyesho inamsubiri.

Mama Nyegezi, kabla hujampeleka binti kwa kocha yeyote, mimi nikiwemo, nenda kaangalie mazoezi siku ambayo hukupanga na huyo kocha. Akikuzuia kukaa, ondoka na mwanao.