Mjadala: Vikundi vya ngoma jukwaani viache ngozi za mbega na manyoya halisi?

Fundi Sindano
Wakuu, habari za jioni. Naleta hoja, naomba tujadiliane bila matusi. Mimi ni fundi wa mavazi ya vikundi vya ngoma, vile vinavyopanda jukwaani kwenye matamasha na mashindano ya shule. Kila msimu oda ni zile zile: vazi la mbega la mabegani, usinga wa mkia wa nyumbu, taji la manyoya ya mbuni. Hizo oda nimeacha kuzipokea. Natengeneza vitu hivyo hivyo kwa katani, ukindu na kitambaa, na aliyekaa safu ya tatu hajui tofauti. Vazi moja refu la mbega linakula mnyama zaidi ya mmoja, na mbega hafugwi, anatolewa msituni.

Hoja yangu: haujafika wakati waandaaji wakatae kabisa ngozi na manyoya ya wanyamapori jukwaani? Wazee walivaa kilichokuwepo. Sisi vya kubadilishia tunavyo, kung'ang'ania ngozi ni ushamba tu.

Babu Manyanga
Umeanza vizuri ukaharibu mwishoni. Ushamba wa nani? Baba yangu aliongoza ngoma akiwa na vazi la mbega alilorithi kwa babu. Halikuwa nguo ya kuazimana. Lilivaliwa na kiongozi peke yake, na kijiji kizima kilijua kwa nini ni yeye. Leo kijana mwenye cherehani ananiita mshamba halafu ananipa gunia nivae.

Wakili Mtaani
Babu, shikamoo. Ushamba tuuweke pembeni, tuongee sheria. Kwa Tanzania, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009 inahesabu ngozi, mkia, kucha, jino na hata unyoya wa mnyamapori kuwa nyara. Ukikutwa nazo bila kibali wewe ni mtu mwenye nyara za serikali, na kesi hizo zinaunganishwa na uhujumu uchumi. Kurithi siyo kibali. Wakenya nao wana sheria yao kali, ile waliyoipitisha kwenye miaka ya kumi hivi.

Mwana wa Isukuti
Ni ya 2013, ikaanza kazi Januari 2014. Ilivyoandikwa wakati huo, kukutwa na nyara bila kibali ilikuwa faini isiyopungua shilingi milioni 1 au kifungo kisichopungua miaka 5, au vyote viwili. Uwindaji wenyewe Kenya ilishaupiga marufuku 1977. Kwa hivyo hatuhitaji kufundishwa.

Wakili Mtaani
Nani amekufundisha? Nimetaja nchi yako kwa heshima.

Fundi wa Taa
Naomba kuuliza kitu cha kazi. Mimi nafunga taa na kusimamia usalama jukwaani. Manyoya bandia ya dukani mengi ni akriliki, yaani nyuzi za plastiki. Yakishika moto yanayeyuka na kunata kwenye mwili wa mchezaji, hayabanduki. Nywele halisi za mnyama zinajikunja, zinanuka, mara nyingi zinazimika zenyewe moto ukiondolewa. Na katani ni nyuzi kavu za mmea, inawaka kwa kasi. Ngoma nyingi zina mienge na vyungu vya moto jukwaani. Fundi, hili umelipangia nini?

Babu Manyanga
Bado nasubiri nijibiwe kuhusu ushamba.

Fundi Sindano
Shikamoo mzee. Ulilolitaja siyo gunia, ngoja nieleze linavyotengenezwa ndipo ulihukumu. Nachukua katani ndefu ambayo haijasokotwa. Nailoweka, naichana kwa chanuo la misumari mpaka nyuzi zinaachana na kulegea, halafu nagawa mafungu mawili. Moja nalichemsha kwenye rangi nyeusi, la pili nalifua mpaka weupe wake wa njano upungue. Msingi ni turubai laini. Naanza kushona safu ya chini, napanda juu, kila safu inafunika mshono wa iliyotangulia kama unavyoezeka makuti. Nyeupe inakaa ukingoni na mabegani ili mchezaji akizunguka ipepee, kwa sababu mbega anatambulika kwa ule ukingo mweupe mrefu. Ndani naweka kanga ya pamba, maana katani tupu inawasha shingo. Mzee ukiliona likizunguka utanyamaza.

Babu Manyanga
Sijawahi kunyamazishwa na nguo.

Nuru M.
Kaka Fundi, hongera, ila umeishia njiani. Unasema "wanyamapori" kana kwamba mbuzi na kuku hawaumii. Vazi lisilo na ukatili halina mnyama ndani yake, basi. Umetoa ngozi ya mbega lakini naona wenzako wanaweka ya mbuzi mweusi wakasema wameokoa msitu. Na kauri je? Kila simbi kwenye mkanda ilikuwa na konokono wa baharini hai ndani, na ile inayong'aa mara nyingi imechukuliwa mwenyewe akiwa bado yumo. Shanga za mbegu zipo, za udongo zipo.

Mpenda Kitoweo
Dada Nuru, mbuzi keshaliwa. Ngozi yake tuifukie?

Nuru M.
Ngozi inauzwa, na pesa yake imo kwenye hesabu ya mfugaji. Usiniambie ni takataka wakati ina bei.

Mwana wa Isukuti
Nyote mnabishana juu ya nguo na hakuna aliyetazama ngoma yenyewe. Nyinyi mnapiga nini? Isukuti yetu, ngoma ya Waluhya wa magharibi mwa Kenya, inawambwa kwa ngozi ya burukenge. Ohangla ya Wajaluo vile vile. Hiyo ngozi ni nyembamba, imekaza, ukiipiga kwa kiganja inajibu haraka, ndiyo inayomfanya mchezaji atingishe mabega vile. Mwaka wa 2014 UNESCO iliiweka isukuti ya Waisukha na Waidakho kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Sasa mnataka tulinde urithi kwa kuutoa ngozi?

Wakili Mtaani
Burukenge, au kenge kama tunavyomwita huku, naye ni mnyamapori. Kenge wote wako chini ya mkataba wa CITES wa biashara ya wanyama walio hatarini. Kwamba UNESCO inalinda uchezaji haina maana inalinda windo lako.

Mwana wa Isukuti
"Windo lako"? Unanijua? Mimi sijawinda chochote, mimi ni mpigaji. Ngoma nilikabidhiwa na mjomba. Huyu wakili anatafuta mshtakiwa.

Mpiga Tumba
Ngozi ya plastiki ya ngoma siyo kitu cha jana. Kampuni ya Remo kule Marekani imeanza nayo 1957, na leo karibu kila bendi unayoisikia drumu zake ni plastiki. Mimi napigia plastiki. Ikinyesha siwashi moto kukausha ngoma, naendelea kupiga. Nyinyi mvua ikidondoka mnakimbilia majiko.

Babu Manyanga
Kupasha ngoma moto ni sehemu ya ngoma. Pale ndipo wapigaji wanapokaa pamoja, wanasikilizana, mkubwa anamwambia mdogo leo utafuata nini. Ninyi mnafika jukwaani mmetoka kwenye magari tofauti, mnapiga, mnaondoka.

Mpiga Tumba
Mzee, hilo ni la watu, siyo la ngozi. Tunaweza kukaa pamoja bila jiko.

Mwana wa Isukuti
Plastiki inalia kama sufuria. Haina kifua.

Mpiga Tumba
Hujui kuikaza. Plastiki ikiachiwa peke yake mlio wake unabaki unaning'inia, kweli. Unabandika kipande cha kitambaa kwa ndani karibu na ukingo, mlio unakatika mapema kama wa ngozi. Wapigaji wa tumba, yaani conga, wanafanya hivyo kila siku.

Nuru M.
Kama tumefika kwenye ngoma, twende mpaka mwisho. Wale wanaopanda jukwaani na chatu hai shingoni, hilo nalo ni pambo? Mbona Fundi hakulitaja?

Bagalu Damu
Hapo umetugusa Wasukuma. Chatu hachinjwi, hachunwi. Anafugwa, anatunzwa, anacheza, anarudi bandani. Makundi yetu mawili ya ngoma, Bagalu na Bagika, yameshindana baada ya mavuno tangu enzi za mababu, watu wanatoka mbali kuja kushuhudia. Mtu ambaye hajawahi kumshika chatu anatufundisha huruma.

Nuru M.
Sikuwatukana Wasukuma, nimemtaja chatu. Nyoka hana masikio ya nje kama sisi, anapokea mtikisiko wa ardhi na mwili wake wote. Ngoma kumi na njuga za miguuni, watu wanaruka pembeni yake, taa usoni. Hachunwi, lakini hakuomba kuwa pale.

Bagalu Damu
Ng'ombe aliomba kulima?

Mpenda Kitoweo
Hapo Bagalu kamaliza.

Nuru M.
Hakumaliza chochote. Anazidi kunipa mifano.

Mwalimu wa Tamasha
Jamani, nafundisha ngoma shuleni, naomba turudi kidogo. Hofu ya mzee Manyanga kwamba vazi la kutengeneza litaondoa heshima, kuna waliokwisha kupita hapo. Kule Afrika Kusini kuna kanisa ambalo wanaume wanacheza ibadani wamevaa ngozi za chui. Walipelekewa za bandia na wakazipokea.

Wakili Mtaani
Ni wafuasi wa Shembe, kanisa la Nazareth Baptist, KwaZulu-Natal. Panthera, shirika la kuhifadhi chui na jamii yake, lilianza nao 2013. Vazi la kitambaa lenye madoa ya chui yaliyochapwa, na yametolewa kwa maelfu. Baadaye wakaenda kwa Walozi wa Zambia, kwa wapiga makasia wa sherehe yao ya Kuomboka ambao sketi zao zilikuwa za ngozi za wanyama. Na kote mazungumzo yalianzia kwa viongozi wao, ndipo kitambaa kikaletwa.

Babu Manyanga
Umesikia mwenyewe, wakili. Walianza kwa viongozi. Walikaa wakaongea na wenye ngoma. Hawakuja na cherehani na neno la dharau. Mimi sijasema mbega aendelee kuuawa. Hilo vazi la baba lipo kwenye sanduku, sijamwagiza mtu yeyote mbega mpya maisha yangu yote. Na mkitaka kuhesabu waliowamaliza mbega, anzeni na wale wa Ulaya waliokuwa wakipamba makoti na vifuko vya mikono kwa ngozi zao mwishoni mwa karne ya 19. Meli zilizibeba kwa marobota. Leo nalaumiwa mimi na vazi moja.

Mwalimu wa Tamasha
Mzee, marobota yamepita, ila watoto wangu wanashindana mwaka huu. Jaji akiona kikundi cha jirani kina ngozi halisi na changu kina katani, anaandika "mavazi si ya asili", alama zinashuka. Limenitokea. Kwa hiyo mzazi anakwenda kutafuta ngozi kwa njia anazozijua yeye. Kama mwongozo wa majaji hautabadilika, Fundi utashona mpaka uzeeke na mbega wataendelea kuchunwa. Hapa ndipo ningependa tubishane.

Mwana wa Isukuti
Majaji wanahesabu pia sauti ya ngoma, mwalimu. Wakiweka plastiki hata alama za sauti zitashuka.

Fundi wa Taa
Narudia swali langu la moto. Watu wameongea chatu, Ulaya, mbuzi, na katani inawaka pale pale.

Fundi Sindano
Fundi wa Taa, samahani, nilizongwa. Kwa katani na pamba natumia boraksi na asidi ya boriki, sehemu 7 kwa 3, zimeyeyushwa kwenye maji ya moto. Nalichovya vazi, nalikausha kivulini, halafu nachoma fungu dogo la pembeni kujaribu: linatakiwa kuwa jeusi na kuzimika, lisiendelee. Likifuliwa au likilowa jasho sana, dawa inatoka, unarudia. Kwa akriliki dawa hiyo haifanyi kazi, kwa hiyo akriliki siishoni kwa mchezaji yeyote anayekaribia mwenge. Nisingependa kumwokoa mbega nikamuunguza mtoto wa mtu.

Mwalimu, nipe huo mwongozo wa majaji niusome, nitakuja na vazi niliweke mezani mbele yao, walishike.

Fundi wa Taa
Hapo sawa. Jaribio la kuchoma ulifanye mbele yangu, siyo nyumbani.

Babu Manyanga
Na mimi niwepo. Nataka nilione likizunguka. Ila aliyevaa awe anajua ngoma, siyo mtoto wa maonyesho.

Mwana wa Isukuti
Mpiga Tumba, swali la mwisho kabla sijalala. Hiyo plastiki unaibana kwa pete ya chuma au kwa kamba? Gogo la isukuti siyo duara kamili, pete haitakaa.

Mpiga Tumba
Tafuta plastiki iliyo tupu, isiyokuja na pete yake. Chonga pete ya mti kufuata umbo la gogo, funga plastiki kwenye hiyo pete, kisha vuta kwa kamba chini kwa zigizaga kama unavyowamba ngozi. Usipige misumari, plastiki inachanika kuanzia kwenye tundu. Kaza upande huu, halafu wa mkabala wake, usizunguke mfululizo.

Mwana wa Isukuti
Nitajaribu kwenye ile ndogo. Ile kubwa siigusi.

Wakili Mtaani
Ile kubwa ina kibali?

Mwana wa Isukuti
Umeanza tena.